Mawe ya Kamera

Kwetu Tetu, tulipokuwa wadogo, betri ilikuwa ya gari. Zile za tochi na redio ziliitwa mawe, na hata leo ukiingia duka la kijijini uombe mawe, mwenye duka atakuuliza tu: makubwa au madogo? Guka alikuwa na redio ya mawe manne makubwa, yale mekundu yenye picha ya paka, yaliyotoka kiwanda cha Eveready pale Nakuru kabla hakijafungwa mwaka wa 2014. Redio ilikuwa na kazi mbili, taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Sauti ikianza kufifia, Guka hakukimbilia dukani. Aliyatoa mawe, akayapanga juu ya bati la banda la ng'ombe yaote jua mchana kutwa, na jioni redio ikaongea tena siku mbili tatu. Yakifa kabisa yalikuwa mali yetu watoto. Tuliyapasua, tukatoa kile kijiti cheusi cha katikati, tukaandika majina yetu kwenye ukuta wa mbao hadi Mama atufukuze.

Mimi hupiga picha. Harusi, ruracio, ubatizo, na zaidi ya yote mazishi, kuanzia Othaya na Mukurwe-ini hadi Karatina, Naro Moru na Nanyuki. Watu wakitaka kujua kazi yangu huniuliza kuhusu lenzi na megapikseli. Sijawahi kuulizwa kuhusu mawe, ilhali ndiyo yanayoamua siku yako inaishia wapi.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Canon PowerShot A530, ya mwaka wa 2006, megapikseli tano, inayokula betri mbili za saizi ya AA. Tata alinitumia kutoka Marekani bila betri ndani. Nikachomoa mawe mawili, moja la saa ya ukutani na jingine la remote ya jirani, nikaweka. Lenzi ikajitokeza, skrini ikawaka, alama nyekundu ya betri ikapepesa, na lenzi ikarudi ndani kama kichwa cha kobe. Guka alicheka sana. "Hiyo mashine yako ni mlafi," akasema.

Alikuwa amesema yote. Jiwe la kawaida, la zinki na kaboni, lina nguvu, ila huitoa polepole. Saa ya ukutani inatosheka na hilo. Kamera haitosheki: mota inasukuma lenzi, skrini inawaka, flashi inajijaza, yote kwa mpigo. Ukilidai jiwe nguvu nyingi kwa wakati mmoja, volti zake hushuka ghafla, na kamera, ambayo hutazama volti peke yake, huamua kwamba betri imekwisha na kujizima. Kosa si la jiwe. Lirudishe kwenye saa uone, litatembea miezi. Kwa miaka mingi nyumbani hatukununua mawe ya remote, Mama alitumia mabaki ya kamera yangu.

Baadaye nikahamia alkali. Hizo ni bora, lakini jozi moja ilinipa kama picha mia moja tu nikitumia flashi, na mazishi ya kwetu si ya picha mia moja. Kuna kutazama mwili, kuna wasifu, kuna MC anayeita familia kwa zamu: watoto, wakwe, wajukuu, vitukuu, chama, Woman's Guild, majirani, waliosoma na marehemu. Kila kundi linataka picha yake kando ya jeneza, na kila kundi lina mtu aliyefunga macho, mrudie. Ukihesabu jozi tatu nne za alkali kwa siku, faida yote umeiacha dukani.

Kwa hiyo nikaingia kwa zile za kuchajiwa, za nikeli, zinazoandikwa NiMH. Muuzaji mmoja mjini Nyeri alinionya kwamba ni dhaifu kwa sababu zimeandikwa volti 1.2 na alkali ni 1.5. Kwa maandishi ana haki. Kwa kazi, alkali huanza juu na kuteremka haraka ikibanwa, wakati hii ya nikeli hushikilia palepale karibu hadi mwisho. Jozi moja ilinipa zaidi ya picha mia tatu. Shida ya zile za zamani ilikuwa kwamba chaji ilivuja yenyewe hata zikilala mfukoni. Unazijaza Jumatatu, ukizihitaji wiki kadhaa baadaye unakuta zimepungua vibaya. Mwaka wa 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa aina iitwayo Eneloop, inayobaki na sehemu kubwa ya chaji yake hata baada ya mwaka mzima, na kampuni nyingine zikafuata. Hizo ndizo ninazoshauri. Zimeandikwa 2000 mAh hivi, nambari isiyotisha mtu.

Nambari za kutisha ndizo za kuogopwa. Utapata betri ya AA imeandikwa 3800, nyingine 4700, kwa herufi za dhahabu, bei nusu. Betri halisi ya nikeli ya saizi hiyo haifiki 3000. Mimi nilijifunza kuzipima, na simaanishi kwa kifaa cha fundi. Maduka ya agrovet yana mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia mbegu. Betri ya kweli ina gramu 26 hadi 31 hivi. Zile za dhahabu nilizopima zilikuwa na gramu 17. Kitu kikikosa uzito, kimekosa vilivyomo.

Halafu kuna stima. Chaja za bei rahisi hazijui betri imejaa, zina saa tu ndani: baada ya muda fulani zinakata. Sasa, huku kwetu stima hupotea saa tatu usiku, ikarudi saa nne, ikapotea tena. Kila ikirudi, ile saa inaanza kuhesabu upya, na betri ambazo zilishajaa zinaendelea kusukumiwa umeme. Asubuhi unazikuta moto kama mayai ya kuchemsha. Zikipikwa hivyo mara kadhaa, maisha yake yamekwisha na utamlaumu aliyekuuzia. Chaja ya maana huangalia kila betri peke yake na kuikatia ikijaa. Yangu iligharimu bei ya kuku watatu wa kienyeji, na betri nilizonunua nayo zimenitumikia miaka saba.

Jambo jingine ni ndoa. Betri mbili zikianza kazi pamoja zizeeke pamoja. Zangu nimezipaka rangi ya kucha, nyekundu kwa nyekundu, zambarau kwa zambarau. Ukiweka mpya na nzee, ile nzee inaisha kwanza, na mpya inaendelea kuisukuma ikiwa tupu hadi iharibike kabisa.

Lakini adui mkubwa wa betri siku ya kazi ni upendo. Ukishapiga picha, shangazi anakuja: "Hebu nione." Unamwonyesha. Anaita wenzake. Skrini inawaka dakika tano, vidole vinarudi nyuma hadi picha za asubuhi. Nilizoea kuizima skrini na kuchungulia kwa kile kidirisha kidogo cha juu. Wanaoomba kuona nawaambia, Mama, utaziona zikiwa kwa karatasi.

Julai moja, katika baridi ya gathano, nilikuwa Mukurwe-ini kwa shukrani ya cucu aliyetimiza miaka 90. Ukungu haukuondoka siku nzima. Hotuba zilivuka saa zilizopangwa, kama kawaida, keki ikakatwa jioni, na jozi yangu ya mwisho ikaonyesha nyekundu. Wageni walikuwa wameanza kuondoka. Ndipo likaingia gari moja, akashuka cucu mwingine, mdogo wake. Uwanja wote ulinyamaza. Sikujua habari zao. Nilinong'onezwa na mpishi kwamba hawa dada hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mingi, kisa ni kipande cha shamba. Yule mgeni akaenda moja kwa moja akaketi kando ya dadake. Hakuna aliyetoa hotuba. Mtu aliwaletea chai.

Nilitoa zile betri mbili, nikazitia kwapani chini ya sweta, nikasimama hivyo kama mtu mwenye kichomi wakati mchungaji akiomba, na akaomba kirefu, Mungu ambariki. Ndani ya betri kuna kemikali inayopaswa kutembea ili umeme upatikane, na baridi huipunguza mwendo. Chaji inakuwepo, haitoki tu. Ukiipasha joto la mwili, kiasi fulani kinarudi. Guka alilijua hilo juu ya bati lake. (Joto la mwili, nasema. Usiweke betri karibu na jiko, inaweza kuvuja au kupasuka.) Nilirudisha betri, nikazima flashi, sikugusa zumu. Nilipata picha tisa. Katika ya sita wameshika kikombe kimoja, mikono minne, na aliyekuwa mkubwa anamtazama mdogo wake, hatazami kamera.

Mwaka uliofuata familia ilinipigia kuulizia picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi. Niliwatumia kadhaa. Walichagua hiyo. Wiki hiyohiyo nilipigiwa kutoka upande wa dadake. Walitaka hiyohiyo, kubwa, ya kuweka kwenye fremu.

Mlimani ni hesabu nyingine. Wanaokwenda Point Lenana, mita 4,985, huondoka kambini mwendo wa saa tisa usiku ili jua liwakute juu, na wakati huo maji ya chupa yanaweza kuganda. Kwa kamera ya AA huko napendekeza zile za lithiamu za kutupa. Ni ghali na hazichajiki, lakini baridi haizisumbui sana na ni nyepesi. Zile za kuchaji zilale nawe ndani ya slipingi begi, ndani ya soksi. Kijana mmoja niliyepanda naye simu yake ilizima kileleni ikiwa na asilimia 60, akakasirika kuliko alivyochoka. Tuliposhuka kambini iliwaka tena, na chaji ilikuwepo.

Siku hizi natumia kamera kubwa yenye betri yake maalumu ya lithiamu, na mambo ni machache: usiiache kwenye gari juani, ukiiweka muda mrefu iwe nusu, na usingoje iishe kabisa ndipo uchaji, hiyo ilikuwa sheria ya betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Ile Canon ya kwanza ninayo bado. Anaitumia kijana ninayemfundisha.

Wiki jana nilimtuma Karatina akanunue betri nne. Alikaa sana. Kumbe muuzaji alimpa pakiti iliyoandikwa 3600, naye akavuka barabara hadi agrovet, akaomba mizani. Gramu 19. Akarudisha. Muuzaji hakubisha, akaitupa pakiti kwenye boksi chini ya meza, akamtolea nyingine nyeupe, 2000.

"Ungesema ni za kamera," akamwambia. "Hizo ni za remote."