Babu, mgawo ni nini?

Binti mmoja wa kidato cha tatu, Lusewa mkoani Ruvuma, alikuwa na daftari la misamiati. Kushoto maneno 40 ya Kiingereza, kulia maana zake kwa Kiswahili, yote ya Animal Farm, kile kitabu cha George Orwell cha mwaka 1945: wanyama wanamfukuza mwenye shamba, kisha nguruwe wanageuka mabwana wapya. Maneno aliyakariri usiku kwa tochi ya simu ya mama yake. Hadithi yenyewe hakuielewa.

Si ajabu. Miaka saba ya msingi alisoma kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza karibu kila somo likawa Kiingereza. Mwalimu alipomuuliza swali, alisimama, akanyamaza, akaketi. Jioni akamwambia mama yake bora aache shule, asaidie shamba la ufuta.

Mama hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alimjibu tu, "Nenda kamsimulie babu yako hicho kitabu."

Babu alikuwa anapukuchua mahindi. Binti akaanza na neno "ration", akasema maana yake ni mgawo. Mzee akacheka peke yake, kisha akamweleza miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera: sukari na sabuni zikifika dukani watu wanapanga foleni tangu alfajiri, kila kaya na kipimo chake. Wapo waliopitia mlango wa nyuma, akaongeza.

"Hata humu, babu! Nguruwe wanakula maziwa na matufaa peke yao."

Ndipo likaja neno "readjustment". Daftarini: marekebisho. Katika hadithi, chakula cha wanyama kikipungua, nguruwe msemaji hasemi kimepunguzwa, anasema kimerekebishwa. Binti alikuwa amelipita neno hilo mara nyingi bila kuona kitu. Mzee akaacha kupukuchua.

"Sasa hapo wamedanganywa au hawakudanganywa?"

Walibishana mpaka ugali ukapoa.

Kitabu hicho kina Kiswahili chake, Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Shuleni kwa binti hakipo. Mzazi utakayekiona mahali, usikiache.

Kesho yake mwalimu alirudia swali. Binti alianza kwa Kiingereza, akakwama katikati, akamalizia kwa Kiswahili. Wenzake wakacheka. Mwalimu hakumkatiza, aliliandika jibu lake ubaoni kwa Kiingereza, akawaambia wote wanakili.

Jioni alipitiliza kwa babu akiwa bado na sare. Kuna amri zimeandikwa ukutani, alisema, na kila wanyama wakirudi kuzitazama wanakuta zimebadilika.

"Kaa," mzee akamsogezea kapu la mahindi. "Simulia, huku mikono inafanya kazi."