Kariokor Alikuwa Nani?

Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga. Lakini jina lisiloandikwa popote litang'ara kwa taa gani? Swali hili lilimjia mkazi mmoja wa Kariokor, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, siku mwanawe alipomwuliza, "Baba, Kariokor alikuwa nani?" Baba yule alikuwa karani, mtu wa kusoma na kuandika, naye alikwisha kukaa mtaani humo miaka mingi. Akajibu kwamba Kariokor si mtu, ni soko la vyondo na viatu vya akala. Mtoto akaridhika. Baba hakuridhika, kwa maana alijua kwamba hakumjibu mwanawe vema.

Kwa hakika Kariokor si mtu mmoja. Ni watu maelfu. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, Waingereza walipigana na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, katika nchi ambayo sehemu nyingi hazikuwa na barabara, na wanyama wa mizigo walikufa kwa kuumwa na mbung'o. Basi mizigo ya jeshi ilichukuliwa vichwani mwa watu. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa Carrier Corps, na Waafrika wakalitamka jina hilo kwa namna yao: Kariokor katika Nairobi, Kariakoo katika Dar es Salaam. Kambi yao ilikuwa hapo hapo ulipo mtaa.

Mwaka 1917 vijana walikusanywa kwa nguvu, wilaya baada ya wilaya. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Vitabu vya serikali viliandika wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wenye elimu ya historia huona kwamba hesabu ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Wengi walizikwa kando ya njia bila alama, na mishahara ya wengi haikuwafikia jamaa zao.

Mwaka ule ule wa 1917 Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita, kwa sharti kwamba wafu wote waheshimiwe sawasawa, mkubwa kwa mdogo. Hata hivyo, mawe yenye majina hayakuwafikia wapagazi. Mwaka 2021 Tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Lakini radhi haimwambii mtu babu yake alilala wapi.

Jumamosi moja karani yule alimshika mwanawe mkono wakaenda mjini, hata barabara ya Kenyatta, penye sanamu za askari zilizosimamishwa mwaka 1928. Mmojawapo wa watu watatu wa shaba ni mpagazi. Maneno yaliyo chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling, nayo yameandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanaahidi kwamba mwenye kufa akipigania nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake. Baba akasoma mara mbili. Akatafuta jina la mpagazi hata mmoja, asilione.

Hapo ndipo fikira ilipomchoma. Vijana wengi waliochukuliwa walikuwa hawajaoa. Katika makabila mengi jina la marehemu hurudi nyumbani kwa mjukuu. Na aliyekufa bila mtoto, ni nani atakayelirudisha la kwake? Tena nchi waliyoambiwa waipiganie haikuwa mikononi mwao. Ahadi ile iliwekwa juu ya watoto ambao hawakuzaliwa kamwe. Basi, ikiwa wapo warithi wa vijana hao, ni wale wanaolala mahali walipolala wao kabla ya kuondoka. Mtu halazimiki kumjua marehemu ndipo amheshimu. Imempasa kujua ni deni gani alilo nalo, na kuwaambia wanawe.

Waliporudi, walipita sokoni kumnunulia mtoto viatu. Fundi alipokuwa akipima akala kwenye unyayo wake, baba akasema, "Mwanangu, juzi sikukujibu vema. Kariokor walikuwa vijana waliopita hapa wakienda vitani, na mizigo vichwani. Wengi walikwenda peku, na wengi hawakurudi."

"Waliitwa nani, Baba?"

"Majina yao hatukuachiwa. Tuliachiwa hili moja, walilotumia wote. Ukiulizwa unakaa wapi, litaje vizuri."

Mtoto akavaa viatu vyake, akatembea mbele ya baba yake hata nyumbani.