Ukumbusho Ukutani

Msumari wangu wa kwanza niliupigilia kwenye ukuta wa sebule yetu kule Kadutu, Bukavu, mwanangu, mwezi wa Desemba 1974, nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alishika kiti nisianguke, mama akasimama mlangoni kanga ikiwa kiunoni na uso umekunjamana, kwa sababu hakuipenda picha iliyokuwa inangoja kutundikwa. Nakusimulia haya kwa kuwa juzi ulinipeleka kuiona nyumba yako mpya, ukaniuliza ni kitu gani kingefaa kuwekwa kwenye ule ukuta mtupu unaotazamana na mlango. Nilinyamaza. Jibu langu ni refu, na si la kutolewa mtu akiwa amesimama.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo na mabati, vyumba vitatu tu, lakini mama aliipamba kwa kufuata majira. Wajua mwenyewe kiangazi cha Bukavu kilivyo, kuanzia Juni hadi Agosti: vilima vinakauka, wakulima wanachoma nyasi, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari. Kiangazi kilipofika mama alivua vitambaa vyote vya viti na meza, akavikunja na kuvitia sandukuni pamoja na majani makavu ya mikaratusi ili nondo wasiviguse, na sebule ikabaki uchi mpaka mwisho wa Agosti. Hapo ndipo aliponituma soko la Kadutu kununua chokaa ya makuta ishirini, na uzi mweupe, bonge moja makuta kumi na tano. Mvua za kwanza za Septemba zilipopiga mabati, nyumba nzima ilinukia chokaa mbichi na uwanga wa muhogo, maana kila kitambaa alichokifuma kwa kroshe alikichovya kwenye uwanga, akakipiga pasi ya makala mpaka kikasimama chenyewe kama kofia ya mtawa. Redio nayo ilikuwa na kitambaa chake. Mgeni aliyeweka glasi juu ya kitambaa cha redio hakukaribishwa chai mara ya pili.

Ujuzi huo mama aliupata kwenye fuaye, zile shule za wake wa wafanyakazi ambazo Wabelgiji walizifungua katika miji ya Kongo baada ya vita vikuu vya pili. Walifundishwa kufuma, kupika na kutandika meza, na nyumba zao zikawa zinatembelewa kuona kama somo limeingia. Zilikuwa zama za ukaguzi. Kuanzia 1952, Mkongomani aliyetaka kuhesabiwa kuwa mstaarabu mbele ya sheria ya kikoloni alipokea tume nyumbani kwake. Wajumbe wa tume hiyo walitazama viti, vijiko, choo, hata namna mke wake alivyovaa. Baba alikuwa mpaka rangi. Alizijua nyumba za Wazungu za mtaa wa La Botte ukuta kwa ukuta, zile zenye kona za mviringo zinazolitazama ziwa, naye alikuwa na maarifa ya kuipamba yetu ikawashinda wakaguzi. Lakini hakuomba kadi ya mstaarabu hata siku moja. Alikuwa akisema kwamba sebule ni mahali pa kupumzikia, mtihani ufanyiwe shuleni.

Mwaka 1967, nikiwa na miaka saba, mamluki wa Schramme waliuteka mji tangu Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba. Tulikimbilia kwa wajomba, upande wa Walungu. Tuliporudi, milango ilikuwa imeng'olewa na ndani hapakuwa na kitu. Nakumbuka zaidi ukuta. Moshi wa taa ya mafuta ulikuwa umeufanya wa kahawia kwa miaka, na pale zilipokuwa zimetundikwa picha ya arusi ya wazazi wangu, kalenda ya parokia na Bikira Maria, palibaki miraba mitatu myeupe. Mama alizitazama alama zile kwa muda, kisha akaomba ndoo ya maji. Hakulia. Lakini mwaka ule hakupaka chokaa. Aliiacha miraba ile mpaka Septemba iliyofuata, na mgeni akiingia alimwonyesha kwa kidole: hapa palikuwa na arusi yetu, hapa palikuwa na Mama Maria. Nilijifunza pale kwamba ukuta unaweza kusimulia hata ukiwa mtupu.

Kisha ukaja wakati wa kurudia uhalisi. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire, mwaka uliofuata jina langu la ubatizo likafutwa kwenye rejista ya shule, na kwenye sebule za watu ikaingia sura ya Rais Mobutu na kofia yake ya chui, kwenye kalenda, hata kwenye vikwembe vilivyofunika meza. Maofisini viliwekwa vinyago na mikeka ya rafia. Mama, aliyefunzwa na watawa kwamba vinyago ni dhambi, sasa alisikia redioni kwamba kutokuwa navyo ni utumwa wa akili. Halafu katikati ya 1974 ikatangazwa kwamba Noeli si sikukuu ya taifa tena: tarehe 25 Desemba watu watakwenda kazini kama siku nyingine.

Ni majuma machache kabla ya siku hiyo ndipo alipopita yule mchoraji. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye kidole gumba kilichokolea rangi ya buluu, amebeba picha sita begani kwa kamba ya katani. Alichora juu ya magunia ya unga yaliyowambwa kwenye fito, na ukiigeuza picha uliona herufi za kiwanda zikififia upande wa nyuma. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, nyumba ikanuka mafuta. Alikuwa na mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Alikuwa na simba, na kijiji chenye mitende. Baba aliziruka zote, akasimama mbele ya ile ya mwisho. Ua la gereza, bendera ya Ubelgiji, wafungwa wenye mistari ya njano na nyeusi, mmoja wao amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika ameinua fimbo, na Mzungu pembeni na kiko chake, anatazama. Juu ya picha kulikuwa na maandishi: Colonie Belge 1885-1959. Bei ilikuwa zaire tatu, na zaire moja wakati huo ilikuwa dola mbili. Mama akasema nani atameza bugali akitazama fimbo. Kijana akamjibu kwa heshima: "Mama, hii haiko mapambo. Hii iko ukumbusho." Baba akampa zaire mbili na sahani ya sombe.

Tarehe 25 ilikuwa Jumatano. Baba alikwenda kazini, akarudi saa kumi na moja na rangi kwenye kucha. Mama alikuwa amefunga madirisha, akaweka matawi ya msunobari kwenye pembe na, chini kabisa ya picha ile asiyoipenda, pango la Betlehemu la udongo wa mfinyanzi na mshumaa wa makuta matatu. Baba mkubwa alikuja kula nasi. Alikuwa mzee mkimya, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya kwinini kabla ya uhuru, na zaidi ya hapo hatukujua lolote. Alimega tonge la kwanza, akainua macho, mkono ukabaki hewani. Kisha akasema taratibu: "Walikuwa wakihesabu kwa sauti." Usiku ule alisimulia mpaka mshumaa ukaisha, kosa lilikuwa nini, ni nani aliyeshika fimbo, ni nani aliyemletea maji. Baba, ndugu yake wa tumbo moja, alikuwa hajayasikia. Tangu siku hiyo mama hakuisema tena vibaya picha ile, na kila Septemba aliishusha kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kupaka chokaa.

Picha hiyo ilipotea Oktoba 1996, mji ulipoanguka tena. Kilichobaki kwa mama ni kitambaa cha redio, alichojifunga tumboni wakati wa kukimbia, nacho ninacho.

Sasa narudi kwenye ukuta wako. Rangi yake ya majivu ni nzuri, iache. Saa kubwa ya dhahabu na maua ya plastiki havina ubaya, lakini vinapatikana katika kila nyumba na havimsimulii mtu yeyote. Kila utawala uliopita hapa ulitaka sebule zetu ziseme maneno yake, na waliobaki na yao ni wale walioacha sehemu moja ya ukuta kwa habari zao wenyewe. Tafuta mchoraji, wapo bado mjini. Mwambie akuchoree mzee mwenye tonge mkononi na mshumaa chini ya picha, aichore kabla Noeli haijafika, nawe uitundike usawa wa macho ya mtoto, ili aulize: huyu ni nani? Akishauliza, ukae chini umjibu.