Njia ya Deira Ina Mwenyewe

Kwenu wana Mtanda, Lindi.

Wiki hii video moja imezunguka katika simu za watu wa Lindi waishio Dubai. Mama mmoja anafagia ua wake alfajiri kwa chelewa, mpaka mchanga umebaki na mistari tu. Kisha anazoa maganda ya mihogo na vifuu vya nazi kwenye karai, anafungua mlango wa uani, anavimwaga njiani. Mlango unafungwa. Wengi wamecheka. Wengine wamekasirika, na mwandishi wa barua hii yumo katika kundi hilo la pili.

Maana Deira, mtaa wa Dubai wanakofikia wafanyabiashara wetu kuchukua mzigo, njia ina mwenyewe. Mwenyewe ni Manispaa ya Dubai, na wakaguzi wake huzunguka. Kipisi cha sigara, kopo la soda au bigijii ikitupwa chini, faini ni dirhamu 500, zaidi ya laki tatu za Kitanzania. Kutema mate ni hivyo hivyo. Anayerusha taka kupitia dirisha la gari hutozwa dirhamu 1,000 na kuandikiwa alama 6 kwenye leseni. Hata gari likitelekezwa maegeshoni mpaka limejaa vumbi la jangwani, mwenye gari hulipa 500. Hapo wageni wengi hudhani wanataniwa.

Ndani ya metro, iliyoanza kazi Septemba 9, 2009, anayekula au kunywa hutozwa dirhamu 100. Hebu fikirieni basi la Dar es Salaam kwenda Lindi lisilo na maganda ya mayai sakafuni, wala chupa zinazoruka dirishani pale Somanga na Nangurukuru!

Si kwamba watu wa Dubai wamezaliwa wasafi. Wanaofagia ni vibarua, wengi wao kutoka India, Pakistan na Bangladesh, katika joto ambalo Lindi hatulijui. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 sheria inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana. Usafi huu unalipiwa: kuna mishahara, kuna mapipa, ndipo kuna faini.

Na msijidharau. Nyumba za kale za Shindagha na Al Fahidi, hapa Dubai, ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizoletwa kwa majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Tena kwenye mifuko ya plastiki nyumbani kumetangulia: Tanzania iliipiga marufuku Juni 1, 2019, na rambo zikatoweka sokoni, Dubai ilifika hapo Januari 1, 2024. Tatizo letu ni kuchoka mapema. Rambo zilipoondoka, vifungashio vyepesi vikageuzwa mifuko, mpaka NEMC, baraza la taifa la mazingira, ikaanza kuvisaka. Desemba 9, 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akashika ufagio mwenyewe, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi ikawa siku ya usafi. Siku moja kwa mwezi, jamani, na bado kuna wanaoihesabu kuwa ni adhabu.

Basi fanyeni hivi. Taka zisivuke mlango wa uani kabla hazijapata pa kwenda: vifuu na makumbi ni kuni, maganda ni ya mbuzi, chupa za plastiki zina wanunuzi wa kilo. Mkutano wa mtaa udai mapipa, hata yale ya mafuta yaliyokatwa katikati, sokoni na pale zinapofunga boti za kwenda Kitunda. Udai pia gari la taka liwe na siku yake inayojulikana. Kumtoza mtu faini mahali pasipo na pipa ni kumwonea. Watoto nao wasitumwe kumwaga ndoo ufukweni, eti maji yakijaa yatabeba. Yanabeba kweli, kisha yanawashushia jirani zenu.

Mnaokuja huku baada ya msimu wa korosho, bigijii iishie ndani ya ndege. Nguo msizianike kwenye baraza za ghorofani, manispaa haitaki. Na mjomba asiyeweza kuacha tambuu aje na kopo lake mfukoni, lenye mfuniko.