Theluji na Umeme wa Garimoshi

Sisi wakaaji wa Makupa theluji twaijua kwa kusikia tu, au kwa kuiona mbali juu ya kilele cha Kilimanjaro tuwapo safarini. Kwa hiyo sikudhani hata siku moja kwamba habari zake zingenifaa mimi, karani wa serikali, mpaka nilipounguza pampu ya mama yangu huko Rabai.

Pampu ile ya umeme ilikaa ghalani masika yote, wala tone la mvua halikuigusa. Mvua zilipokwisha nikaitoa, nikaiwasha papo hapo. Ikatoa cheche na moshi, ikanyamaza. Miche ya nyanya aliyoitegemea mama ikakauka yote.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja, jirani yangu, ambaye zamani alikuwa fundi wa umeme wa injini za reli.

"Shikamoo, mzee. Pampu hii haikunyeshewa kamwe."

"Marahaba, mwanangu. Lakini maji hayaingii kwa mlango wa mvua peke yake." Ndipo aliponieleza habari za theluji.

Injini ya dizeli ya garimoshi, mathalani zile za English Electric zilizoletwa Afrika ya Mashariki mwaka 1960, haizungushi magurudumu yenyewe. Huzungusha jenereta, na umeme wa jenereta huendesha mota zilizo chini, karibu na magurudumu. Mota hizo hupata joto jingi, basi feni huvuta hewa ya nje ili kuzipoza. Katika nchi za baridi kali theluji huweza kuwa kavu na laini kama unga. Huvutwa pamoja na hewa, ikapenya mahali ambapo matone ya mvua yangezuiwa, na ikifika penye joto huyeyuka. Maji hayo, yakichanganyika na vumbi, huupa umeme njia ya kutoroka kutoka katika waya kwenda kwenye chuma. Cheche huruka, na umeme usipokatwa upesi mota huungua.

Hata treni zisizotumia dizeli hupatwa. Mwezi wa Desemba 2009 treni 5 za Eurostar zilikwama katika njia ipitayo chini ya bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Theluji iliyopenya ndani yake iliyeyuka kwa joto la humo, ikaharibu mitambo ya umeme, na abiria zaidi ya 2,000 wakanaswa.

"Huku kwetu," akamaliza mzee, "hewa ya bahari ndiyo theluji yetu. Huingia bila kuonekana, na chumvi yake huvuta unyevu. Sisi hatukuwasha mota iliyolala muda mrefu kabla ya kuipima na kuikausha."

Basi kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kisichonyeshewa ni kikavu. Ndugu wasomaji wenye pampu au mashine za kusaga, baada ya masika ipangusieni mota vumbi, ikausheni, na mwiteni fundi aipime kabla ya kuiwasha. Mama hakunilaumu, ila miche mipya niliilipia kwa mshahara wangu. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.