Kupima kwa Jicho Moja

Niliingia jeshini kupitia Eldoret kama wanajeshi wengi wa Kenya, kwa kuwa chuo cha makurutu kiko hapa, katika Kambi ya Moi. Tulifunzwa kwa bunduki ya G3. Ngoma yake ya kulengea ina namba 1 hadi 4, yaani meta 100 hadi 400, na kurutu hatakiwi kujua zaidi ya hapo: chagua namba, shusha pumzi, vuta triga taratibu.

Darubini ya bunduki nilikutana nayo baadaye, nilipochaguliwa kwa mafunzo ya wadunguzi, kazi ambayo hatimaye nilikuja kuifundisha. Sinema zimewaharibu vijana. Walikuja wakidhani ule msalaba ndani ya kioo ni wa kumwekea adui kifuani, basi. Kumbe kazi yake nzito ni kupima. Nyuzi zake zina vitone, na kutoka katikati ya kitone kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni mili 1: pembe ndogo inayofunika sentimita 10 kwa meta 100, na meta 1 kwa meta 1,000. Hesabu yenyewe haina maajabu. Chukua kimo cha kitu kwa meta, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa mili ulizosoma. Mlango wa meta 2 unaojaza mili 4 uko meta 500 kutoka ulipolala.

Balaa liko kwenye hicho kimo. Kioo hakikijui. Ukimdhania mtu wa meta 1.65 kuwa ni wa 1.80, naye anajaza mili 3, utasema yuko meta 600 ilhali yuko 550, na risasi ya 7.62 itapita juu kwa zaidi ya shibiri. Ndiyo maana wanafunzi wangu niliwatembeza na tepu. Walipima milango ya maduka, vigingi vya ua, matairi ya trekta, hata ng'ombe wa Friesian kutoka kwato hadi bega. Wakulima walitucheka hadi machozi. Kila kipimo kiliandikwa kijitabuni, na vijitabu hivyo nilivikagua kwa ukali kuliko viatu.

Kulikuwa na mitego mingine. Katika darubini nyingi za kukuza na kupunguza, vitone havibadiliki pamoja na picha, kwa hiyo vinasema kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Ukiupunguza kwa nusu ukasahau, umbali utakaoupata ni maradufu. Tena Eldoret iko karibu meta 2,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, risasi haisumbuki sana. Bunduki iliyorekebishwa hapa kwa masafa marefu, ukiiteremsha Mombasa, itapiga chini.

Nilipostaafu, mpimaji ardhi mmoja alinichukua kama msaidizi wa kushika stafu, ile fimbo ndefu ya kupimia, huku Uasin Gishu ambako mashamba yanagawanywa kila uchao. Mji wenyewe wa Eldoret ulianzia kwenye shamba lililopewa namba 64 na wapimaji, na wapo ambao bado huuita Sisibo, yaani "sixty-four". Siku aliponiruhusu nichungulie leveli yake, darubini ya wapimaji, nikaona nyuzi tatu za mlalo, nikacheka peke yangu. Ni dada wa ule msalaba. Unasoma uzi wa juu, unatoa wa chini, unazidisha kwa 100: juu 1.62, chini 1.20, stafu iko meta 42. Tofauti ni kwamba stafu imechorwa sentimita zake zote, haina haja ya kukisiwa, wala haikimbii.

Kwa hiyo kazi hii ya pili naiona nyepesi kuliko ile ya kwanza, ingawa mshahara wake ni mdogo. Kijana anayetaka mojawapo anunue tepu kwanza. Darubini atapewa kazini.