Tulipokwenda Chato na Maswali Yetu

Tulikuwa akina mama tisa wa kanisa moja la Mwanza, wawili kati yetu wauguzi. Asubuhi tulivuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani hapo tulingoja kivuko, wagonjwa wakiugulia ndani ya magari. Sasa ni dakika chache tu. Tukapita Sengerema, Geita penye dhahabu, Katoro na Buseresere, tukiimba njia nzima.

Chato iko kando ya Ziwa Viktoria. Zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Hapa alizaliwa Rais John Magufuli mwaka 1959, na hapa alizikwa tarehe 26 Machi 2021.

Kaburini tulinyamaza. Tulikumbuka Aprili 2020, Rais alipoliomba taifa lisali siku tatu, tarehe 17 hadi 19, kwa sababu ya korona. Tulisali kweli, wengine kwa kufunga. Juni akatangaza kwamba Mungu amesikia, nasi tukashangilia. Lakini ugonjwa ulirudi, na Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki likawahimiza waumini wajikinge. Machi 17 Rais akafariki, kwa maradhi ya moyo kama ilivyotangazwa, nasi tukalia kama watu wa nyumba moja.

Chanjo ilianza Julai 28, 2021. Hapo ndipo tuna la kuungama. Jioni, tukiwa mwaloni kununua dagaa, muuguzi mmoja kati yetu alitueleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alimwambia mama yake mzazi asiharakie chanjo, Mungu atamlinda. Agosti mama akaugua, akafa akihangaika kupumua. Tangu hapo mwenzetu huimba kwaya kama kawaida, ila akifumba macho kusali, maneno hayaji.

Tulikosa la kumjibu. Mama aliyekuwa akitupimia dagaa akaweka kopo chini.

"Mwanangu," akasema, "mume wangu alizama ziwa hili hili. Niliomba usiku kucha arudi, hakurudi. Mwaka mzima sikumsemesha Mungu. Kisha nikamrudia, lakini kwa kumgombeza. Hakunifukuza. Sasa kijana wangu haingii ziwani bila sala, na haingii bila boya."

Usiku tulisoma Injili ya Marko, sura ya 9, juu ya baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu. Alikiri kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe pale imani inapompungukia. Bwana hakumwambia aende kwanza akaikamilishe. Kwa nini mtoto yule alipona na mama wa mwenzetu hakupona, hatukuambiwa. Tulimshika mikono, akasali sentensi moja tu, ya kumlalamikia Mungu. Tukasema Amina.

Msomaji mpendwa, huenda nawe una swali unaloogopa kulitamka kanisani. Mpelekee Mungu jinsi lilivyo. Na mtoto akichemka usiku, mwombee huku ukimfunga kanga mgongoni kwenda zahanati; kadi yake ya chanjo isikose hata tarehe moja. Sala na boya vyote ni vyake Mungu. Sisi tulichelewa kulijua hilo.